Jemadari Asiyejua Kwa Nini Amesimama

Panga jeshi lako juu ya kilima, wapiga mishale mbele, wenye mikuki nyuma yao. Kisha chukua kikosi kimoja tu cha wapanda farasi wepesi, kitembeze taratibu kuelekea ubavu wa kulia wa adui. Usishambulie, tembeza tu. Katika gemu nyingi za vita vya kihistoria utaliona jeshi zima la kompyuta, watu elfu mbili na ushee, likianza kugeuka kukifuata kile kikosi kimoja. Mstari unapinda. Vikosi vya katikati vinapishana, vinagongana, vinasimama, vinajipanga upya. Warudishe wapanda farasi wako kushoto, na jeshi nalo linarudi kushoto, bendera kufuata upepo. Baada ya dakika chache askari wa adui wanahema hata kabla ya kurusha mkuki mmoja, na wewe hujapoteza mtu. Unashuka kilimani, unawamaliza, unasoma ubao wa matokeo unaokupongeza kwa "ushindi wa kishujaa."

Wachezaji wana neno moja kwa hali hiyo: kompyuta ni mjinga. Neno lenyewe limetumika mno hata limeacha kueleza chochote. Mimi nina shaka nalo, kwa kuwa vita vya kweli vimejaa majemadari waliofanya mambo ya kijinga mchana kweupe, mbele ya maelfu ya watu wao, na sisi tunaopenda gemu hizi tunazipenda kwa sehemu kubwa ili tukutane na watu wa aina hiyo uwanjani. Ujinga wa adui ndio utamu wenyewe. Kinachokera kwenye kompyuta ni kwamba inafanya ujinga usio na sababu, na pasipo na sababu mchezaji hana cha kusoma.

Tuanze na jeshi linalosimama kizembe likimiminiwa mishale. Lalamiko hili limezunguka tangu gemu hizi zianze kuonyesha askari mmoja mmoja: unaweka wapiga mishale wako umbali fulani, unafyatua mpaka mapodo yanakauka, na kikosi cha adui kimesimama wima kikingoja kupungua. Crassus, jemadari wa Roma, alifanya hivyohivyo kule Carrhae mwaka 53 KK. Alilipanga jeshi lake la Kirumi kwa umbo la mraba katikati ya nyika, na wapanda farasi wa Waparthi, wakiongozwa na Surena, wakalizunguka na kulipiga mishale kutwa nzima. Ukitazama kutoka juu, kama kamera ya gemu inavyotazama, picha ni ileile: watu wamesimama, mishale inashuka, hakuna kinachofanyika.

Lakini Crassus alikuwa na hesabu kichwani. Alijua mpiga mishale hubeba mishale michache, na ikiisha atalazimika ama kukaribia ama kuondoka. Hesabu hiyo ilikuwa na akili kabisa. Kilichoivuruga ni ngamia: Surena alikuja na msafara wa ngamia waliosheheni mishale ya akiba. Warumi walipogundua kwamba maadui wanakwenda nyuma, wanajaza, wanarudi, Crassus akamtuma mwanawe Publius atoke na wapanda farasi kuvunja mzingo. Waparthi wakajifanya wanakimbia, wakamvuta mbali na jeshi la baba yake, wakamwangamiza. Kila hatua pale ina sababu, na Surena alishinda kwa kuijua sababu hiyo mapema kuliko mwenyewe aliyekuwa nayo.

Sasa rudi kwa kompyuta. Kikosi chake kimesimama chini ya mishale kwa sababu kimepewa jukumu la "mlinzi," na kanuni inasema mlinzi hasogei mpaka adui aingie ndani ya umbali fulani. Wapiga mishale wako wako hatua tano nje ya umbali huo. Basi. Hapo hujamzidi mtu akili, umegundua tarakimu iliyoandikwa kwenye faili. Na ukishaigundua, kila vita vitakavyofuata unavipigana na tarakimu hiyo, uwe umevaa kofia ya Mroma, ya samurai au ya mwanajeshi wa Napoleon.

Kufukuza ni mfano mwingine mzuri, na ni mzuri kwa sababu hapa kompyuta inaiga historia karibu neno kwa neno. Kosa la wapanda farasi kushinda upande wao, kisha kupotelea mbali wakiwafukuza walioshindwa, limerudiwa kiasi cha kuchosha. Demetrius alilifanya Ipsus mwaka 301 KK, na aliporudi akakuta tembo wa Seleucus wamemzibia njia na baba yake ameuawa. Antiochus wa Tatu alilifanya Raphia mwaka 217 KK, akalirudia Magnesia mwaka 190 KK, jambo linaloonyesha kwamba uzoefu nao si dawa ya kila kitu. Tarehe 23 Oktoba 1642, kule Edgehill, wapanda farasi wa Prince Rupert, waliompigania mfalme wa Uingereza dhidi ya Bunge, waliwavunja wenzao wa Bunge, wakawafukuza hadi Kineton, wakakuta mizigo, wakaanza kupora. Waliporudi uwanjani jua lilikuwa linazama na mfalme wao alikuwa ameponea chupuchupu.

Ukicheza dhidi ya jemadari wa aina ya Rupert, unajua cha kufanya. Unampa ushindi mdogo upande mmoja ili akupunguzie farasi upande mwingine. Huo ni mtego wa kijeshi: unatoa kitu, unahatarisha kitu, na unaweza kukosea kwa sababu siku hiyo labda Rupert atajizuia. Kompyuta nayo inafukuza, ila inamfukuza mrusha mikuki mmoja mwepesi kuzunguka ukingo wa ramani dakika kumi mfululizo, ikiwa na wapanda farasi bora wa jeshi lake, huku jeshi hilo likichinjwa nyuma. Haijashinda chochote, haijaona mizigo ya kupora, wala hasira haijaipanda. Kikosi kile ndicho kilicho karibu zaidi, na nusu sekunde baadaye bado ndicho kilicho karibu zaidi.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo, na panahitaji kuelezwa kwa utulivu kidogo kwa sababu wengi hudhani kompyuta "inafikiri" vibaya. Katika gemu nyingi programu hupitia vikosi vyake kila baada ya muda mfupi sana na kukipa kila kitendo kinachowezekana alama: kushambulia kile kikosi, kurudi nyuma, kugeuka, kumlinda jemadari. Kitendo chenye alama nyingi ndicho kinachofanywa. Shida huanza pale vitendo viwili vinapokaribiana. Sasa hivi kugeukia kulia kuna alama 51 na kwenda mbele kuna 49. Wewe ukasogeza farasi hatua mbili, ikawa 49 kwa 51. Jeshi likageuka. Ukarudisha hatua mbili, likageuka tena. Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, ni sahihi. Ukiviunganisha unapata jeshi linalocheza kiduku uwanjani.

Dawa yake watengenezaji wanaijua na wengi wanaitumia: kitendo kinachoendelea sasa kinaongezewa alama za ziada ili kisiachwe kwa kishawishi kidogo, au kikosi kinafungwa kwenye uamuzi wake kwa sekunde kadhaa. Ukizidisha dawa hiyo unapata ugonjwa wa pili, yaani kikosi kinachoendelea na safari yake huku kinachomwa mikuki mgongoni. Kati ya magonjwa hayo mawili watengenezaji wanatafuta kipimo, na kipimo kinachofaa kwa nyika kinakuwa kibaya kwenye msitu au kwenye daraja.

Kipimo chenyewe, hata hivyo, kinatibu ngazi ya chini tu. Majeshi ya kompyuta huwa na ngazi zaidi ya moja: kuna sehemu inayoamua kwa jeshi zima, nyingine kwa kundi la vikosi, nyingine kwa kikosi kimoja kimoja. Kazi nyingi nzuri inafanywa kule chini. Kikosi cha mikuki kinajua kugeukia farasi, wapiga mishale wanajua kurudi nyuma wakifuatwa. Juu kabisa, kwenye kiti cha jemadari, mara nyingi unakuta maneno matatu: shambulia, linda, subiri. Kwa hiyo mchezaji anayekabiliana na jeshi la vikosi 20, kama ilivyo kwenye mfululizo wa Total War, anapigana na masajini ishirini hodari ambao jemadari wao hakufika kazini. Hakuna anayesema: tutamshikilia katikati mpaka saa sita, kisha tutavunja ubavu wake wa kushoto, na hata kama katikati kunavuja tutavumilia. Mpango ni kukubali kupata hasara mahali fulani ili upate faida mahali pengine, na mashine ya kujumlisha alama kila nusu sekunde haiwezi kuvumilia hasara.

Wakongwe wa gemu hizi watakwambia mambo yalikuwa afadhali zamani. Shogun: Total War ya mwaka 2000 ilitangazwa kuwa kompyuta yake imefundishwa kanuni za Sun Tzu, mwandishi wa mbinu za vita wa China ya kale, na wapo wanaoapa mpaka leo kwamba ilipigana kwa heshima. Siwapingi sana, ingawa nadhani uzee unachangia. Sababu ya kweli ni kwamba kompyuta ya wakati ule ilikuwa na mambo machache ya kujua: kilima, msitu, mto, aina chache za askari. Kanuni kama "usishambulie kuelekea mlimani" inaingia vizuri kwenye programu na inatosha kumfanya adui aonekane mtu mwenye busara. Kadiri mfululizo ulivyoongeza miji yenye vichochoro, mizinga, meli na kuta za ngazi tatu, kila pambo jipya lilikuwa somo jipya kwa kompyuta, na masomo hayo hayakufuata ratiba ya mapambo. Empire: Total War ilipotoka Machi 2009, gemu ya karne ya 18 yenye vita vya majini vya kupendeza macho, mataifa ya kompyuta hayakuwa na uwezo wa kupakia majeshi kwenye meli na kwenda kuvamia nchi ya ng'ambo. Uingereza ya kompyuta, yenye jeshi la majini lililokuwa tishio duniani, ilikaa kisiwani mwake mpaka sasisho la baadaye lilipoifungulia bahari. Rome II ya Septemba 2013 nayo ilitoka na kasoro nyingi kiasi kwamba kampuni iliomba radhi hadharani.

Kuna kasoro nyingine ambayo haisemwi sana kwa sababu haionekani kama kasoro. Kompyuta inajua kila kitu papo hapo. Hata pale gemu inapowaficha askari wako msituni, amri za kompyuta zinafika kwa kila kikosi sekunde ileile zinapotolewa, na kila kikosi kinajua kilipo kwa usahihi wa hatua moja. Jemadari wa namna hiyo hajawahi kuzaliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 1896, Jenerali Baratieri aliwaongoza Waitaliano kwa brigedi nne kupanda milima ya Adwa kumkabili Menelik wa Pili. Ramani yao ilikuwa mchoro mbovu. Brigedi ya Albertone ikakipita kilima ilichopaswa kusimama, ikaenda mbele kilomita kadhaa kukifuata kilima kingine kilichobeba jina lile, ikajikuta peke yake kulipokucha. Mwenzake Dabormida, aliyetumwa kwenda kumsaidia, akapotelea kwenye bonde jingine. Waethiopia, waliokuwa wengi mara nyingi zaidi, waliwakabili vipande vipande.

Vita vizima viliamuliwa na jambo ambalo gemu haina hata mahali pa kuliandika: brigedi kupotea njia. Nguvu ya Albertone haikubadilika, wala ari yake wala silaha zake. Alikuwa mahali pasipo pake. Mchezaji angeipenda sana nafasi ya kukutana na Albertone, kuona kundi moja limejitenga na wenzake na kuamua ndani ya dakika mbili kama huo ni mtego au ni bahati. Kompyuta haikupi nafasi hiyo kamwe. Inakupa jeshi lililopangika kwa usahihi wa rula, halafu inalichezesha kiduku.

Ukitoka kwenye uwanja wa vita ukaingia kwenye ramani kubwa ya kampeni, tatizo linapata mzazi. Katika gemu nyingi za aina hii programu inayoendesha vita na programu inayoendesha ufalme ni mbili tofauti, na zinasalimiana kwa mbali. Ya ufalme inajua kwamba jeshi hili ndilo la mwisho, kwamba mji mkuu uko wazi nyuma yake, kwamba msaada utafika zamu mbili zijazo. Ya vita haijui hili wala lile. Imekabidhiwa askari, inawatumia mpaka waishe. Ndiyo maana ni nadra sana kuona kompyuta ikiondoka uwanjani kwa mpangilio vita vinapokwenda kombo. Kutuzov, jemadari wa Urusi, alipigana na Napoleon kule Borodino tarehe 7 Septemba 1812, akahesabu waliobaki, akarudi nyuma, kisha akaiacha Moscow yenyewe iingiwe, kwa kuwa aliona jeshi likibaki hai Urusi inabaki. Mtengenezee kompyuta Borodino na Kutuzov wako atakufa palepale na mtu wake wa mwisho, nawe utakuwa umeishinda Urusi kabla ya chakula cha jioni.

Kuhusu kuzingira ngome nitasema kidogo tu, maana kila mtu ana hadithi yake: jeshi zima limejazana kwenye lango moja, ngazi zimeachwa zimelala nyasini, na walinzi wa ukuta wanaotazama ukuta huo ukibomolewa na mizinga chini ya miguu yao. Mwaka 1453, akiizingira Konstantinopoli, Sultani Mehmed wa Pili alizikokota meli zake nchi kavu, juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, ili azishushe ndani ya Pembe ya Dhahabu nyuma ya mnyororo wa Wabizanti. Sitarajii kompyuta ifike huko. Ningeridhika ikizunguka kwenda lango la pili.

Lakini kinachogeuza uchovu kuwa hasira ni jinsi watengenezaji wanavyofidia haya yote. Unapandisha kiwango cha ugumu ukitarajia jemadari mwerevu zaidi, unaletewa jemadari yuleyule mwenye askari wa chuma. Kwenye Total War, viwango vya juu vya vita vimezoea kuwapa askari wa kompyuta nyongeza ya ari na ya uwezo wa kupigana. Kwenye Civilization, mfululizo wa gemu za kujenga dola, ngazi ya juu kabisa inaipa kompyuta vikosi vya ziada tangu mwanzo na punguzo kwenye karibu kila inachojenga. Kwa mtu anayecheza gemu ya kubuni tu, labda hilo halina neno. Kwa gemu ya kihistoria ni kujichimbia kaburi. Gemu imetumia saa nyingi kukufundisha kwamba wakulima waliopewa mikuki jana hawawezi kusimama mbele ya askari wazoefu, na kwamba ukipigwa ubavuni unavunjika. Unapanda ngazi moja ya ugumu na wakulima hao wanasimama, wanapigwa ubavuni na mgongoni, na hawatikisiki. Kila ulichojifunza kuhusu vita vya zama hizo kimefutwa, na kilichobaki ni kutafuta tundu jingine kwenye programu, maana matundu hayakuzibwa, yamefunikwa kwa chuma.

Haikupaswa kuwa hivyo, na ushahidi upo. Age of Empires II ya mwaka 1999 ilikuwa na kompyuta iliyopewa rasilimali za bure kwenye ngazi ya juu. Toleo lake jipya la mwaka 2019 lilikuja na kompyuta inayochuma kuni na dhahabu yake kwa jasho kama wewe, na bado inawashinda wachezaji wengi wa kawaida. Kilichosaidia ni kwamba tangu mwanzo wachezaji waliruhusiwa kuandika programu za adui wao wenyewe, na kwa miaka ishirini watu waliziandika, wakazipambanisha, wakaziboresha. Kweli, uchumi wa gemu ile ni mfululizo wa hatua zinazopangika, kazi ambayo kompyuta inaiweza kuliko kusoma uwanja wa vita. Hata hivyo inaonyesha kwamba udanganyifu haukuwa lazima.

Wapo wanaosema tusubiri akili mnemba za kisasa zije kutuokoa. Mwaka 2019 AlphaStar, programu ya kampuni ya DeepMind, ilifikia ngazi ya juu kabisa ya gemu ya mikakati ya StarCraft II na kuwapita asilimia 99.8 ya wachezaji walioorodheshwa. Kufika huko kulitaka mafunzo mazito: katika toleo lililotangulia, kila wakala alicheza muda unaolingana na hadi miaka 200. Gemu za kihistoria hubadilishwa kanuni kila sasisho linapotoka, na kompyuta ya mchezaji ina kazi ya kuchora maelfu ya askari kwa wakati uleule. Gharama, lakini, siyo hoja yangu kuu. Hata tungepewa bure, AlphaStar ingetupa adui anayeshinda, na adui anayeshinda kila siku kwa njia isiyoeleweka anachosha vilevile. Soren Johnson, aliyeongoza ubunifu wa Civilization IV, alilizungumza hili mwaka 2008 kwenye mkutano wa watengenezaji gemu: kompyuta nzuri na kompyuta yenye kufurahisha ni vitu viwili, na mara nyingi kazi yake ni kushindwa vizuri. Naye Sid Meier, mwanzilishi wa mfululizo huo, alisimulia mwaka 2010 jinsi wachezaji waliooneshwa kwamba nguvu yao ni tatu kwa moja walivyokasirika waliposhindwa, ingawa hesabu yenyewe inaruhusu kushindwa. Wakiwa wao ndio wanyonge wa moja kwa tatu na wakashinda, hawakuona tatizo lolote.

Kwa hiyo lawama nyingine ni yetu. Tunadai adui mwerevu, kisha akitupiga ubavuni tunaandika malalamiko kwamba gemu inaiba. Mtengenezaji anayesoma malalamiko hayo anafanya hesabu ya haraka: picha nzuri zinauza, adui mwerevu analeta matusi.

Ninachokitaka mimi ni kidogo kuliko werevu. Nataka adui mwenye tabia na mpango, ashikilie mpango wake hata unapomponza. Hili limeshajaribiwa. Nick Thomadis, aliyeanza kwa kuandika marekebisho ya DarthMod kwa ajili ya Total War, alitoa Ultimate General: Gettysburg mwaka 2014, na humo mchezaji anachagua tabia ya jemadari atakayepambana naye, kuanzia mwangalifu hadi mwenye kukimbilia vita. Uwanja ni uleule na askari ni walewale, lakini unapigana vita vingine kabisa. Mfululizo wa Scourge of War, ulioanza nao kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ulithubutu kuzipeleka amri kwa matarishi wa farasi: barua inaondoka, inachukua muda, na inaweza isifike. Gemu zote mbili ni za studio ndogo, na sidhani kama ni bahati tu. Studio ndogo haiwezi kushindana kwa idadi ya askari kwenye skrini, basi inashindana kwa jemadari.

Ukiviunganisha hivyo viwili, tabia na ucheleweshaji, sehemu kubwa ya kiduku inaondoka bila akili mnemba yoyote ya ajabu. Jeshi haliwezi kugeuka kila nusu sekunde ikiwa amri ya kugeuka inachukua dakika tatu kufika. Kamanda wa ubavu wa kulia mwenye hasira za Rupert atafukuza, na atafukuza kwa kuwa ni yeye. Mwangalifu atangoja chini ya mishale, nawe utaweza kukadiria atangoja mpaka lini.

Kikwazo kitakuwa kwa wajaribu wa gemu, wale wanaolipwa kuripoti kasoro. Mbele yao kikosi kinachochelewa kwa sababu barua haijafika na kikosi kinachochelewa kwa sababu programu imekwama vinafanana kama pacha. Wataviripoti vyote viwili, na msimamizi mwenye haraka atavifuta vyote viwili. Ndiyo maana sababu lazima ionekane uwanjani. F.E.A.R., gemu ya kufyatua risasi ya mwaka 2005, ilisifiwa sana kwa maadui wanaoshirikiana, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ilitokana na maadui hao kupiga kelele kutangaza wanachofanya. Gemu ya Waterloo au ya Adwa ina njia tele za kufanya hivyo: tarishi anayeonekana akikata uwanja, tarumbeta ya upande mmoja inayolia kabla ya nyingine, bendera ya kamanda inayosogea mbele kuliko inavyopaswa. Mchezaji aliye macho atamwona tarishi na kutuma farasi wawili wamkatize njia. Asiye macho atapigwa ubavuni, na safari hii akirudisha mchezo nyuma kuangalia kilichotokea, ataikuta barua ikipita mbele ya pua yake.